Kulipa kwa Kalenda ya Chai

Bonasi ya mwaka 2025 iliposhuka katika viwanda vya chai vya magharibi ya Bonde la Ufa, magazeti yaliandika kuhusu maandamano ya wakulima wa Kericho na Bomet, na kuhusu pengo kati ya malipo yetu na ya wenzetu wa mashariki ya Bonde. Yaliyofuata hayakuandikwa sana. Hapa Mogogosiek, Bomet, karibu kila nyumba ina deni linaloingoja bonasi ya Oktoba: karo, dawa, ng'ombe wa gredi, mabati. Mkopeshaji hupima uwezo wako kwa kilo na bonasi za mwaka uliopita. Bonasi ikipungua, hesabu yako inabadilika, yake haibadiliki. Kufikia Novemba namba ngeni za Nairobi zilikuwa zinaita kwenye foleni ya mizani, na wenye simu walikuwa wanasogea kando kuzungumza kwa sauti ya chini.

Mmoja wao, jirani yangu, alikuja dukani kwangu akiwa ameshaamua. Angekodisha mashina yake yote ya chai kwa miaka kadhaa, apewe pesa mara moja, amalizane na wakusanyaji wa madeni waliokuwa wanampigia asubuhi na jioni. Anayejua maisha ya huku ataelewa kwa nini nilishtuka. Wengi wanaokodisha chai yao huishia kuyachuma majani yale yale kama vibarua wa mtu mwingine, ndani ya shamba lao wenyewe. Nilimwomba asitie sahihi kwanza. Mwaka 2021 mimi pia nilipigiwa simu hizo na kutishwa hivyo hivyo, na deni likaisha mashina yetu yakiwa bado yetu.

Mkopo wangu ulikuwa wa benki, wa kupanua duka la pembejeo na dawa za mifugo. Niliulipa vizuri hadi 2018, mama yangu alipougua saratani. Tulianza hospitali ya Tenwek, tukaenda Eldoret, tukarudi Tenwek. Pesa ya duka ilifuata njia hiyo yote na sijutii hata shilingi moja. Mama alifariki 2019. Siku nilipoacha kulipa, salio la mkopo lilikuwa shilingi 112,000. Halafu ikaja korona, wateja wakapungua, na duka likawa linajilisha lenyewe tu. Mwanzoni mwa 2021 simu ikalia.

Ilikuwa sauti ya kijana mpole. Aliniita madamu. Alitaja kampuni ya kukusanya madeni ambayo sikuwahi kuisikia, akataja jina langu kamili na namba ya kitambulisho, kisha akataja shilingi 251,000 na kusema nina hadi saa kumi jioni. "Dawa ya deni ni kulipa, madamu," aliongeza. Siku zilizofuata upole uliisha. Walipokezana zamu: mmoja akasema polisi watakuja, mwingine akasema madalali wako njiani kutoka Kericho kuchukua friji ya chanjo za mifugo, mwingine akasema shamba litapigwa mnada.

Nilikaa na vitisho hivyo hadi nilipovitenganisha kimoja kimoja. Polisi hawahusiki, maana kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai, wala si jinai. Sheria yetu ina kifungo cha madai, ila hutanguliwa na kesi, hukumu, na hakimu kuchunguza kama mdaiwa ana uwezo na anakataa kulipa. Dalali naye ni mtu mwenye leseni chini ya Sheria ya Madalali ya 1996. Kama hukuiweka mali yako rehani, hawezi kuigusa bila amri ya mahakama, na hata akiwa nayo huandika kwanza orodha ya vitu na kukupa siku saba. Nguo, vitanda, sufuria na zana ambazo mtu anazitegemea kwa kazi yake zina ulinzi wa sheria. Shamba ndilo lililonikosesha usingizi zaidi, kwa sababu hati ina jina la mume wangu na hapo ndipo tunapoishi. Lakini shamba letu halikuwekwa rehani. Lingekuwa limewekwa, Sheria ya Ardhi ya 2012 ingetaka ridhaa ya mke na mume kwa nyumba ya familia, kisha notisi ya siku 90, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza.

Aliyekuwa ananipigia hakuwa polisi, hakuwa dalali, hakuwa hakimu. Alikuwa na simu, orodha ya majina, na asilimia atakayolipwa kwa kila atakachofanikiwa kuleta. Nilipolielewa hilo, sauti zile zilipungua uzito nusu.

Nusu iliyobaki ilikuwa aibu. Mdhamini wangu alikuwa shemeji, mdogo wa mume wangu. Walimpigia akiwa kwenye kituo cha majani, akaifungua simu kwa spika akidhani ni mnunuzi wa ndama, na foleni nzima ikasikia. Jioni alikuja kwetu akaingia na kuketi bila kusema "chamgei". Kwa Wakipsigis, ndugu kuingia bila salamu ni jambo zito kuliko kelele. Alikuwa na haki. Alitia sahihi kwa kuniamini, na sasa jina lake lingeweza kuorodheshwa kwenye kumbukumbu za mikopo, CRB, wakati yeye mwenyewe alikuwa anaomba mkopo wa ng'ombe.

Mume wangu aliita wazee wa kokwet, baraza la majirani ambalo kwetu huamua mambo ya mipaka, ng'ombe walioingia mahindini, ndugu waliogombana. Nilifikiri kuhusu benki hawatakuwa na neno. Mzee mmoja akauliza maswali ambayo hakuna mkusanyaji aliyewahi kuniuliza: ulichukua ngapi, ulirudisha ngapi, hii ya juu imeandikwa na nani, na chai yenu inatoa kilo ngapi mwezi wa mvua na ngapi mwezi wa jua. Kisha akamgeukia shemeji na kumwambia akipigiwa tena aseme tu, "Mwenye deni yupo, zungumzeni naye," akate simu. Usiku huo shemeji alikunywa mursik, maziwa yetu ya mgando, kabla ya kuondoka.

Kuanzia hapo hapakuwa na mtu wa kuambiwa ambaye hajui. Wakala mmoja alipotishia kumpigia mchungaji wetu, nilimpa namba mwenyewe, nikamtajia na saa ambayo mchungaji hupatikana. Hakupiga. Nimeyafikiria sana haya, na bado naamini kwamba mazungumzo ya kweli yalianzia kwenye kikao kile, kabla ya kiasi chochote kutajwa. Mtu anayeficha deni hulipia ukimya. Atakubali kiasi chochote na tarehe yoyote ili simu isimfikie shemeji, na mkusanyaji mzoefu hulisikia hilo katika pumzi zake.

Maswali ya mzee yalihitaji karatasi. Nikawaambia waliokuwa wananipigia kwamba sitazungumza kiasi chochote hadi nione mambo mawili: barua ya benki inayoonyesha kwamba wametumwa nayo, na taarifa ya akaunti ya mkopo tangu siku ya kwanza. Wakajibu nitume kwanza elfu moja ya kuonyesha nia. Binamu yangu aliyekuwa anasomea sheria Nairobi alinieleza kwa nini ombi hilo dogo lina uzito. Deni la mkataba lina miaka sita ya kufikishwa mahakamani. Ukilipa sehemu yake, hata iwe ndogo namna gani, au ukikiri kwa maandishi kwamba unadaiwa, hesabu ya miaka huanza upya. Langu halikuwa limekaribia miaka sita. Ila wapo wazee huku wanaopigiwa simu za mikopo ya muongo mzima uliopita, na hiyo elfu moja ya nia njema ndiyo inayoifufua.

Nilikwenda kwenye tawi la benki Kericho. Mfanyakazi aliyenihudumia alichapisha taarifa bila tatizo, na nikaisoma ndani ya matatu nikirudi. Salio la mkopo shilingi 112,000. Riba na faini shilingi 119,400. Gharama za ukusanyaji shilingi 19,600. Jumla 251,000, kama kijana alivyosema.

Binamu aliziangalia na kunionyesha kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007. Mkopo wa benki ukishakuwa haulipiki, riba inayoweza kudaiwa haipaswi kuzidi salio la mkopo lililokuwepo siku hiyo. Riba yangu ilizidi salio kwa shilingi 7,400. Ni kiasi kidogo, na sikudai kwamba kinafuta deni. Lakini niliandika barua nikiuliza kuhusu 7,400 hizo, na nikauliza gharama za 19,600 zimetokana na nini, maana sheria inaruhusu gharama zilizotumika kweli. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri. Wiki zilizofuata waliokuwa wananipigia walibadilika. Hawakunipa tena saa. Walianza kuniuliza ninaweza nini.

Hapo nikajifunza jinsi deni linavyoonekana kutoka upande wao. Kwa kanuni za Benki Kuu ya Kenya, mkopo ambao haujalipwa kwa zaidi ya siku 360 huwekwa katika fungu la hasara, na benki inakuwa imeshautengea fedha katika vitabu vyake. Chochote kinachorudi baada ya hapo ni nafuu kwake. Kampuni ya ukusanyaji, kwa upande wake, hailipwi kitu kwa deni lisilolipwa. Ndiyo maana punguzo lipo hata pale mpigaji anapoapa kwamba halipo, na ndiyo maana hutokea zaidi mwisho wa mwezi na mwisho wa robo ya mwaka, hesabu zinapofungwa. Walianza na 251,000 kwa miezi mitatu. Wakaja 200,000. Wiki ya mwisho ya Juni, kwa simu moja tu, ikawa 165,000.

Lakini kiasi hakikuwa tatizo langu kubwa. Tatizo lilikuwa tarehe. Mume wangu alitoa stakabadhi zetu za majani akazipanga mezani kwa miezi. Mkulima mdogo wa chai hulipwa mara mbili: malipo ya kila mwezi kwa kilo alizopeleka, na bonasi baada ya kiwanda kufunga mwaka na chai kuuzwa. Malipo ya mwezi huondolewa mbolea, na yakishafika nyumbani huondolewa wachumaji, chumvi, sabuni, nauli ya watoto. Januari na Februari jua hukausha machipukizi. Mvua ya mawe ikipiga, na nchi ya Kericho inaijua vizuri, majani huchanika na wiki kadhaa hupotea. Tulipotoa kila kitu, mwezi mzuri ulituachia kama elfu sita, na mwezi mbaya haukutuachia kitu.

Wakala alitaka 15,000 kila mwezi kwa miezi kumi. Ilisikika kama huruma, na jirani zangu wengi wameikubali. Niliposoma rasimu ya makubaliano nikaona sharti chini kabisa: ukikosa awamu moja, punguzo linafutwa na deni lote linarudi, pamoja na riba. Kwa familia ya chai sharti hilo ni hukumu iliyoandikwa mapema. Januari ingefika, tungekosa, na zile elfu kumi na tano za awali zingemezwa na riba. Nilikataa. Nikapendekeza shilingi 30,000 mara moja, tutakazopata kwa kuuza mtamba, na shilingi 95,000 baada ya bonasi. Katikati hapo, sifuri.

Wengi walicheka kwenye simu. Alinielewa mwanamke mmoja aliyechukua faili langu mwezi Julai. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Bonasi kwenu huingia lini, mama?" Baadaye aliniambia wazazi wake walikuwa wakulima wa kahawa. Hakunipa zawadi, alibishana nami wiki nzima juu ya shilingi elfu tano. Lakini alibishana akiwa ndani ya kalenda yangu. Tulikubaliana 30,000 na 100,000, awamu ya pili kabla ya tarehe 15 Novemba.

Ikafika zamu ya barua, na hapa sikulegeza hata kidogo. Barua ya kwanza ilikuwa na nembo ya kampuni ya ukusanyaji na ilinitaka nilipe kwenye namba yao ya simu. Nilijibu kwamba deni ni la benki, kwa hiyo makubaliano yatoke benki na pesa ziingie kwenye akaunti ya mkopo. Iliyofuata ilitoka benki lakini ilisema "sehemu ya malipo". Niliirudisha. Barua niliyoikubali ilitaja kiasi, tarehe zote mbili, maneno "malipo kamili na ya mwisho", na kwamba mdhamini anaachiliwa siku deni litakapoisha. Jina la shemeji liliandikwa kwa ukamilifu. Ndipo mtamba akauzwa. Mume wangu alimpenda mtamba yule, na siku ya mnada hakwenda sokoni, alinituma mimi.

Bonasi iliingia. Nilipeleka laki moja kaunta, nikachukua risiti yenye muhuri, nikadai barua ya kumaliza deni, kisha nikafuatilia CRB. Historia ya mkopo uliochelewa hubaki kwenye kumbukumbu miaka mitano baada ya kulipwa, lakini hali yake huandikwa kuwa umelipwa. Shemeji alipata mkopo wake wa ng'ombe mwaka uliofuata.

Muda mfupi baada ya deni langu kuisha, nchi nzima ilianza kuyazungumza haya. Desemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi marekebisho yaliyoipa Benki Kuu mamlaka juu ya wakopeshaji wa kidijitali, na kanuni za Machi 2022 zikawapiga marufuku kutumia vitisho, matusi na kuwapigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu wa tatu katika kudai. Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria shemeji kwenye foleni ya mizani.

Kubwa zaidi kwangu lilikuwa la Novemba 2022. Benki Kuu ilitangaza mpango ambao benki zilipunguza angalau nusu ya deni la mikopo ya simu iliyokuwa haijalipwa hadi mwisho wa Oktoba mwaka huo, na wadaiwa wakapewa hadi mwisho wa Mei 2023 kumaliza nusu iliyobaki. Kwa hiyo kupunguza si dhambi wala sadaka. Ni jambo ambalo mfumo wenyewe hulifanya unapoona faida. Lakini mpango ule ulihusu mikopo ya siku 30 au chini yake. Mkulima aliyekopa kwa miaka miwili kwa kutegemea majani hakuguswa. Na hili linanikera hadi leo: wanaotukopesha wanaijua bonasi, wanaitumia kupima tutapewa ngapi, wanajitangaza vituoni kila inapokaribia, kisha wanaandika mikataba yenye awamu sawa kila mwezi kana kwamba chai huchipua kwa mshahara. Mkopeshaji anayefanya biashara katika nchi ya chai anaweza kuandika Oktoba kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, na kuandika pia kitakachofanyika Oktoba ikija mikono mitupu kama ya 2025. Hatuombi kusamehewa. Tunaomba tarehe zinazotimizika.

Jirani yangu hakukodisha mashina yake. Ujumbe aliokuwa ametumiwa haukutaja hata jina la mkopeshaji, kwa hiyo tulianzia hapo: deni ni la nani, ana leseni ya Benki Kuu, taarifa ya akaunti iko wapi. Alipoipata, tulikaa na watoto wake wakubwa tukapanga stakabadhi mezani kama mume wangu alivyofanya. Bonasi ya 2025 ilishakwenda kwenye karo. Pendekezo aliloandika linaanza na kiasi kidogo mwezi Aprili, mvua zikishika, na kubwa baada ya Oktoba 2026, likiwa na kifungu kinachosema kwamba bonasi ikishuka tena, tarehe itazungumzwa upya bila kufuta punguzo. Januari na Februari ameziacha wazi. Wakala amempigia kuuliza kwa nini miezi miwili haina kitu, naye amemtumia picha za stakabadhi zake za majani za miezi hiyo kwa miaka mitatu iliyopita. Anasubiri jibu kwa maandishi, kutoka kwa mwenye deni.